Kuni za Mzazi

Sikio la kufa halisikii dawa, na siku hiyo ukumbi wa kanisa pale Runyenjes ulijaa masikio ya namna hiyo. Tena masikio ya maana: mwalimu mkuu, daktari wa mifugo, maafisa wawili wa kilimo, na wenye mashamba kutoka milimani hadi Gachoka. Veronicah, afisa wa misitu, alikuwa amesimama mbele yao tangu saa tatu. Alikuja kwa bodaboda, maana pikapu ya ofisi aliituma Gachoka iwalete wakwe zake waje kumwona mjukuu.

Aliinua kipande cha mti wa mubariti chenye donda. Gome lilikuwa limepasuka na utomvu mweusi umegandia humo kama usaha.

"Panga iliyokata mti mgonjwa isiguse mti mzima kabla hujaiosha kwa spiriti," alisema kwa mara ya tatu. "Na kuni zenye gome msizitoe shamba moja mkapeleka lingine. Hapo ndipo ugonjwa unapopanda gari."

Wakili Mutwiri akainua mkono. Huyu alikuwa na ekari ishirini, na mdomo wa kuzienea zote.

"Madam, kwani panga inashikwa na homa? Mimi juzi nimetoa posti za ua Gachoka, lori zima, na sijasikia hata moja ikikohoa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata maafisa wa kilimo walicheka, na hao ndio waliomchoma Veronicah zaidi.

"Cheka, wakili," akamwambia kwa hasira. "Umesoma mpaka ukavaa joho, na bado unabeba kifo kwa lori. Miti ya jirani yako ikikauka utaenda kortini kuitetea?"

Kicheko kikakatika. Wakati wa chai Mutwiri alimfuata, kikombe mkononi, mdomo umepungua.

"Nimekosa, madam. Hizo posti nitazichoma. Lakini basi nisaidie na mbegu safi."

Mbegu safi zilikuwa kwa Veronicah mwenyewe. Marehemu mumewe, Ndambiri, alimwachia mibariti kumi na miwili nyuma ya nyumba, na katika eneo lile lote hiyo ndiyo iliyobaki bila donda. Vitalu vyote vya miche kule milimani vilipata mbegu kwake. Ikiugua hiyo, hakuna pa kuanzia tena.

"Njoo nyumbani saa kumi," akamjibu.

Alifika kwake vigelegele vikiwa vimepamba moto. Igoki, mama yake Lydiah mke wa Njura mwana wa Veronicah, alikuja kumlaki akicheza.

"Mama Njura! Umetupata tukipanga kuni."

Kuni za mzazi. Mwanamke akijifungua, wanawake wa kwao humletea kuni ili asitoke kuzitafuta, na kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo heshima inavyokuwa kubwa. Mzigo huu ulifika kifuani. Ulikuwa wa mibariti, na gome lake lote, na kwenye gome kulikuwa na ile mipasuko myeusi.

"Tumechagua zile zimejikaukia zenyewe, hazina moshi," Igoki alisema kwa fahari. "Na hii miti yako tumeipunguzia matawi ya chini, yalikuwa yanatuzuia kupanga kuni. Panga zetu ni kali, mama!"

Veronicah aliangalia juu. Kila mti ulikuwa na majeraha mabichi, bado yanatoa maji.

"Nani aliwaambia mguse miti yangu?" Alipiga kelele hadi mtoto akashtuka ndani na kulia. "Mmeniulia miti! Mmekata migonjwa, halafu panga hizo hizo mkaleta hapa!"

Igoki alifunga leso yake upya, polepole.

"Kuni za mzazi hazifokewi, Mama Njura. Na si ni wewe ulituma gari? Nilikupigia asubuhi nikakuuliza kama tubebe na kuni. Ukasema tubebe zote."

Ni kweli. Alisema hivyo akiikimbilia bodaboda, simu imebanwa begani. Miaka mitatu alikuwa akifundisha kumbi nzima, na mkwe wake hakuwahi kumwambia hata neno moja, kwa sababu Igoki hakuwa mtu wa kualikwa semina. Hasira ikamgeukia yeye mwenyewe, kali kuliko ile ya asubuhi.

"Hakuna kuni itakayorudishwa," akasema. "Lakini zichomwe zote leo, hapa hapa. Pikeni, mchemshe maji ya mtoto, ya kuoga, ya kila mtu. Hata kijiti kisibaki. Na panga nileteeni mimi nizioshe."

Moto ulikuwa umeshika Mutwiri alipofika langoni na kigunia chake.

"Mbegu hakuna," Veronicah akamwambia. "Sitoi hata punje mpaka nijue kama vidonda hivi vitapona."

Mutwiri aliiangalia miti, akaziangalia kuni. "Nani huyo amekuletea ugonjwa mpaka nyumbani?"

Wanawake wa Gachoka walisikia swali. Igoki akainamisha kichwa, akingoja kutajwa. Veronicah alinyoosha kidole kwenye pikapu iliyoegeshwa kando ya nyumba, maganda meusi bado yametapakaa nyuma.

"Afisa wa misitu," akasema. "Ingia nikuonyeshe, wakili. Na sasa ucheke vizuri."