Bangili Iliyofungiwa Nje

Bangili zetu zilikuwa zinafanya kazi. Nitalisema hilo mpaka niingie kaburini. Mtoto akilia, kidude kilicho kando ya kitanda kinaiambia simu, simu inaiambia bangili, bangili inatikisika mkononi mwa mzazi asiyesikia. Dada yangu alizitengeneza mwenyewe, kwenye chumba chetu cha mbele.

Kisha wenye simu, kampuni inayoziunda, wakaleta toleo jipya la programu. Sasa simu ikilala, kioo kikizima, kifaa cha mtu mwingine kinakatwa mawasiliano. Bangili yao, waliyoitoa mwezi huohuo, inaachwa ipite.

"Ni kwa usalama wa mteja," walimjibu dada.

Usalama! Si ndio walewale waliomwambia miezi kadhaa kabla, ukitaka kibali cha kuunganishwa na simu zetu lete kifaa kikiwa wazi, tumbo nje? Nilimkataza. "Dada, unampelekea nyani kesi ya ngedere."

"Mlango ni wao, kaka. Nipitie wapi, dirishani?"

Akapeleka. Kibali hakikuja. Ikaja bangili yao.

Wateja wakarudisha za kwetu mmoja mmoja. Aliyebaki ni Mama Pacha, mshonaji wa nyumba ya pili, kiziwi tangu utotoni. Leo asubuhi kaingia macho mekundu, akasema kwa mikono: mwanangu mmoja jana kaanguka kitandani. Kalia mpaka sauti imemkauka. Nami niko chumba cha pili, nashona.

Mkono wa kulia alivaa bangili ya dada. Wa kushoto, ya wenye simu, aliyoazimwa na wifi yake usiku, baada ya mtoto kuanguka, pamoja na kidude chake. Akakishika kiganja cha dada, akapiga kwa kidole: mapigo mawili mafupi, moja refu. Kisha akauliza kwa mikono: mbona ya kwao inaongea kama yako?

Dada akakaa. Mpigo ule aliuchukua kwa Mama Pacha mwenyewe, siku alipomwona akiwapigapiga wanawe mgongoni walale.

"Tuwashtaki!" nikafoka.

"Kwa nani? Na tukingoja hukumu, nani amsikie mtoto?"

Mama Pacha akataka kuendelea kuvaa zote mbili. Yako naipenda, akasema. Dada akamvua ya kwetu. "Penda watoto," akamjibu kwa mikono. "Mimi nitajipenda mwenyewe."

Hajamaliza, mkono wa kushoto wa Mama Pacha ukatikisika. Akatoka mbio. Kilio tulikisikia kupitia ukutani, kikapanda, halafu kikanyamaza.

"Umeona?" dada akasema, akikusanya bangili zetu mezani na kuzitia kwenye ndoo ya taka. "Inafanya kazi vizuri."