Wodi ya Pumzi Ishirini

Ukutani zilitandazwa chati thelathini na moja, na katika kila chati mgonjwa alikuwa akipumua mara ishirini kwa dakika. Mwenye pumu, ishirini. Mwenye homa kali, ishirini. Bibi aliyelazwa kwa maradhi ya moyo alipumua mara ishirini asubuhi, ishirini mchana, na jioni akalala na ishirini zake. Wa kwanza kucheka ukumbini nilikuwa mimi. Nilimnong'oneza msaidizi wangu kwamba hao wagonjwa bila shaka wanapumua kwa kengele, kama watoto wa shule. Yeye hakucheka. Alikuwa ameinama, akivitazama viatu vyake.

Hapo nikaangalia vizuri. Majina yalikuwa yamefunikwa, lakini mwandiko haufunikiki. Ile mbili yenye mkia mrefu uliopinda chini ya sifuri ilikuwa yangu.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka thelathini, na kumi na minne kati ya hiyo nimeiongoza wodi ya magonjwa ya ndani, upande wa wanaume na upande wa wanawake. Sakafu yangu unaweza kujitazama humo ukafunga kilemba. Shuka zangu hazina mkunjo, dawa zangu hazichelewi, na kila muhula chuo kiliniletea wanafunzi sita, kwa kuwa wodi yangu ndiyo iliyoteuliwa kuwa wodi ya mafunzo. Nusu ya wauguzi wa hospitali yetu wamepita mikononi mwangu. Wanaosema najisifu hawajakosea. Wahenga walisema chema chajiuza. Changu kilijiuza, nami nikakitembeza vilevile.

Pale ukumbini nilikuwa nimefuata pointi tu. Leseni zetu haziongezwi muda bila pointi za mafunzo endelevu, nami nilikuwa nimepungukiwa nne. Nilikwenda kama mtu anavyokwenda kukata kucha: ni lazima, lakini hakuna anayetarajia kurudi na jipya.

Aliyesimama mbele yetu kufundisha alikuwa binti aliyepitia wodini kwangu miaka tisa nyuma. Tulimwita Taratibu, na jina hilo nilimpa mimi. Wenzake walipokuwa wamefika kitanda cha kumi, yeye angali kitanda cha tatu, ameshika mkono wa mgonjwa, anatazama kifua kinavyopanda na kushuka mpaka dakika iishe. Siku moja nilichoka naye. Nilimwambia mbele ya wenzake, "Mwanangu, andika ishirini, twende. Mtu akishindwa kupumua utamwona tu."

Sasa yeye ndiye aliyekuwa akinieleza, kwa sauti ileile ya upole, kwamba mtu akishindwa kupumua kwa kuonekana, basi umeshachelewa. Mara nyingi pumzi hubadilika kabla ya presha na kabla ya mtu mwenyewe kujua kuwa anaumwa zaidi ya jana. Alisema hayo bila kunitazama hata mara moja.

Metroni, mkuu wetu sote, akauliza chati zile ni za wodi gani. Taratibu akajibu kwamba hakuja kumwaibisha mtu. Metroni hakuridhika, akageuza macho kuelekea kwa kijana mmoja aliyekabidhiwa wodi ya jirani juzijuzi tu, na kijana wa watu akaanza kutokwa na jasho lisilo lake. Ningeweza kunyamaza. Sitaki kudanganya, nilitazama mlango kwanza. Kisha nikasimama.

"Ni za wodi yangu," nikasema. "Na hiyo mbili yenye mkia ni mkono wangu. Wengine wameandika walivyofundishwa, na aliyewafundisha ni mimi."

Metroni alitoa uamuzi papo hapo: chati zetu zingekaguliwa upya baada ya wiki nne, na zikikutwa vile, wanafunzi wangepelekwa wodi nyingine. Mwanafunzi, alisema, hapelekwi mahali kujifunza uongo. Kama ningekuwa mimi ndiye metroni ningesema hivyohivyo.

Nyumbani mume wangu alijaribu kunifariji. Alisema ni namba tu, na kwamba miaka thelathini ya kazi nzuri haiwezi kufutwa na namba moja. Nilimjibu vibaya, maskini, na wala hakuwa na kosa. Nilikuwa nimemkumbuka mama mmoja mwalimu aliyelazwa kwetu zamani. Jioni moja alinisimulia habari za mjukuu wake, akiikata sentensi vipandevipande, maneno matatu, kisha kituo, maneno matatu, kisha kituo. Nikadhani ni uchovu. Nikaandika ishirini. Alfajiri tukamfunika. Labda hata ningehesabu asingepona. Hilo sitalijua kamwe, na kutolijua ndiko kulikoniliza usiku ule.

Kesho yake nilikusanya wauguzi wangu wote. Msaidizi wangu, kijana hodari ambaye mikono yake haijui kukaa bure, alikuwa na dawa tayari. "Mama, tuchanganye tu," akasema. "Huyu kumi na nane, yule ishirini na mbili. Nani atajua?"

Wengine wakacheka. Mimi nilimtazama nikajiona mwenyewe, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu nilimlea kikazi mimi. Nikawaambia kwamba kuanzia asubuhi ile kila kifua kingehesabiwa dakika nzima, kwa saa, na asiyeweza aje aniombe uhamisho. Hakuja mtu.

Vitanda thelathini na moja ni dakika thelathini na moja, ukiacha za kutembea na za kusalimiana. Chai yetu ilipoa kila siku. Daktari alilalamika kwamba tunamchelewesha. Tena pumzi haihesabiwi kwa kutangaza. Ukimwambia mgonjwa unamhesabia pumzi, ataanza kukupumulia wewe. Kwa hiyo unaushika mkono kana kwamba bado unapima mapigo ya moyo, kumbe jicho limeshahamia kifuani. Mzee mmoja dereva wa lori, aliyelazwa kitanda cha tisa, aliniambia kwamba kama nitaendelea kumshika mkono kwa muda mrefu hivyo, nimtafutie maneno ya kumweleza mkewe.

Mwanzoni mwa wiki ya tatu nilimshika mkono mama mmoja mshonaji, mcheshi, aliyekuwa akiuliza ataruhusiwa lini. Joto lake zuri, presha yake nzuri. Nikahesabu thelathini na mbili. Nikarudia, thelathini na mbili. Daktari alimtazama kutoka mlangoni, akasema mbona hana neno. Nikamwambia, "Nimehesabu dakika nzima, daktari, mara mbili." Alikuja. Alipoweka kipimo mgongoni uso wake ulibadilika: maji yalikuwa yameanza kujaa kando ya pafu. Baada ya siku kumi mama yule alitoka kwa miguu yake, akiahidi kunishonea gauni. Mimi niliingia stoo ya shuka, nikafunga mlango, nikacheka peke yangu kama mwali. Miaka mingi nilikuwa nimejivunia wodi inavyoonekana. Siku hiyo nilijivunia kitu ambacho hakuna mgeni angekiona.

Siku ya ukaguzi ikafika. Chati zilipangwa mezani, nazo zilikuwa na namba za kila namna, kumi na sita, ishirini na tano, kumi na tisa, kama watu halisi walivyo. Nusu saa kabla ya wakaguzi kuingia, msaidizi wangu alinijia na chati ya dereva wa lori, ameishika kwa ncha za vidole.

"Mama, amepumua ishirini."

Nilimuuliza kama amehesabu dakika nzima. Amehesabu. Nikaenda mwenyewe, nikaushika mkono wa mzee, nikamwacha aongee juu ya gharama za matairi hadi akachoka, kisha nikahesabu. Ishirini. Nikarudia. Ishirini kamili, bila kupungua wala kuzidi.

"Andika kumi na tisa," msaidizi akaninong'oneza. "Wakiona ishirini leo, tumekwisha. Pumzi moja tu, Mama."

Alikuwa akinipenda, najua, na alikuwa akiipenda wodi. Nikafikiri juu ya wanafunzi sita wa muhula ujao, viatu vyao vipya vinavyolia sakafuni. Pumzi moja ni kitu gani? Hata mwenye nayo haijui ilipotoka. Nilishika kalamu muda mrefu kuliko inavyohitajika kuandika namba mbili. Kisha nikaandika ishirini, nikaandika na saa niliyohesabu, nikaweka sahihi.

Walipoingia, Taratibu alizipitia chati moja baada ya nyingine bila haraka, na Metroni akichungulia nyuma ya bega lake. Ile ya kitanda cha tisa iliwasimamisha. Metroni alishusha pumzi, akanitazama kwa macho ya mtu aliyetarajia afadhali. Taratibu aliiweka chati mezani. Alikwenda kitandani, akamwamkia mzee, akamuuliza usingizi ulikuwaje, akaushika mkono wake.

Nilijua kwamba pumzi haipigiliwi misumari. Nusu saa ilikuwa imepita. Mzee alikuwa amekunywa chai, amecheka na jirani yake, angeweza kuwa na ishirini na mbili au kumi na saba. Nilijua pia kwamba sikuwa na la kuongeza. Taratibu alikuwa ameinamisha bega kidogo, midomo imetulia, vilevile alivyosimama miaka tisa iliyopita nilipomwona mzigo. Fahari ikanijaa kifuani, ya kwake kwanza, kisha yangu, mpaka nikalazimika kutazama dirishani.

Metroni akaangalia saa ya ukutani. "Binti, tuna wodi nne bado," akasema.

Taratibu hakuinua kichwa. Nilisogea nikasimama kati yao, mikono nyuma.

"Mwache, Metroni," nikasema. "Bado sekunde arobaini."