Saa Mbichi na Saa Kavu

Nchi ya Toajasho haikupakana na njaa wala vita, na kwa sababu hiyo ilikuwa na wasaa mkubwa wa kujitafutia matatizo yake yenyewe. Ardhi yake ilikuwa na rutuba, mawe yake meupe yalichongeka vizuri, na watu wake walikuwa wakarimu kwa wageni na wapole kwa wanyama. Lakini penye wema mwingi ujinga mmoja huweza kuishi raha mustarehe, maana hakuna anayeushuku. Ujinga wa Toajasho ulikuwa sheria. Uliitwa Kanuni ya Leso, na watoto waliukariri chuoni kabla hawajajua kufunga vifungo vya nguo zao.

Mababu wa nchi hiyo walikuwa wamesema kwamba mtu na ale kwa jasho lake. Ilikuwa kauli njema, ya watu waliochukia uvivu na unyang'anyi. Wanasheria waliokuja baadaye waliipokea kwa taadhima, wakaitafakari, wakaifasiri, wakaifasiri tena tafsiri yake, hata mwisho jasho likawa si mfano wa kazi bali ni kazi yenyewe. Wakatangaza kwamba saa za fundi ni za namna mbili. Saa ambayo paji la uso wake limelowa iliitwa saa mbichi, na ujira wake ulikuwa dirhamu moja. Saa ambayo paji lake ni kavu iliitwa saa kavu, na haikuwa na ujira wowote, kwa kuwa mtu asiyetokwa na jasho, walisema, amepumzika.

Kila palipokuwa na fundi, basi, palikuwa na Mpangusaji wa serikali, amevaa kanzu ndefu, mkono mmoja ameshika saa ya mchanga na mkono wa pili leso nyeupe. Mchanga ulipokwisha alimsogelea fundi, akampangusa paji la uso, akaiinua leso juani mbele ya mwenye nyumba. Ikiwa imelowa, fundi alihesabiwa. Ikiwa kavu, alihesabiwa kuwa hakuwapo. Ni waheshimiwa peke yao waliosamehewa kupanguswa, yaani makadhi, makatibu na wanasheria wenyewe, kwa hoja kwamba wao hutokwa na jasho la ndani, ambalo leso haiwezi kulifikia.

Mwanadamu hukua kuelekea anakolipwa. Mafundi wa Toajasho walifanya kazi wamejifunga mablanketi wakati wa jua kali, wakatafuna pilipili, wakaweka majiko ya mkaa miguuni pao. Seremala hakupima ubao, kwa maana kupima hakumtoi mtu jasho. Aliukata, akaona umepungua, akakata mwingine. Mwashi hakuning'iniza timazi ili kuujua wima wa ukuta, maana kusimama na kuutazama uzi unaotulia ni kazi baridi kuliko zote. Matokeo yake kila ukuta wa nchi ile uliinama, kila nyumba ilikuwa na magogo ya kuiegemeza, na washairi wa huko walisifu unyenyekevu wa kuta zao. Waliambiwa tangu zamani kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao walijenga ukuta kila mwaka na kuona ni dalili ya bidii.

Katika mji mkuu, uitwao Egemeo, alikuwapo mwashi mmoja mwanamke, jina lake Stadi binti Makini. Sitamsifu kwa upole, kwa kuwa hakuwa mpole. Alijua thamani ya kazi yake, akaitaja kwa sauti, na mtu aliyeguna kwa bei yake alionyeshwa mlango, hata kama mlango ulikuwa wa mtu huyo mwenyewe. Alitoza dirhamu tatu kwa saa, mbichi au kavu. Hakuvaa blanketi. Alikuja asubuhi, akatembea kando ya kiwanja, akanyamaza, akaning'iniza timazi yake, akachora kwa mkaa, ndipo akagusa jiwe la kwanza. Nyumba zake zilikuwa zimesimama wima bila gogo hata moja, na majirani walizionea shaka kidogo kama watu wanavyomwonea shaka mgeni asiyeinama anaposalimu.

Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, Bwana Rahisi bin Nafuu, alichoka kulala chini ya dari iliyomtishia. Alimwita Bi Stadi, wakapatana mbele ya mashahidi dirhamu tatu kwa saa zote. Nyumba ikajengwa, ikapendeza, ikasimama. Rahisi alihamia na wake zake na majoho yake. Na alipokwisha kutundika pazia la mwisho, alikataa kulipa. Zaidi ya hayo alimshitaki Bi Stadi kwa kosa la kuuza saa kavu. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa moja: zana za fundi kuvunjwa hadharani juu ya fuawe ya mhunzi, na yeye kupigwa marufuku kufanya kazi hiyo maisha yake yote. Bi Stadi hakuwa na shamba, hakuwa na duka, na hakujua kazi nyingine. Zana hizo zilikuwa za mama yake kabla hazijawa zake.

Shauri lilisikilizwa na Kadhi Taamuli, mtu mzima mwenye maneno machache, ambaye alijulikana kwa kusinzia mawakili wanaposema na kuamka wanapodanganya. Zana zilipigwa muhuri wa lakiri, zikawekwa mezani pake. Ukumbi ulijaa mafundi, wengi wao bado na mablanketi.

Bwana Rahisi alisema mwenyewe, kwa kuwa wakili angetaka malipo. Alieleza kwa ufasaha jinsi mshitakiwa alivyozunguka kiwanja asubuhi nzima kama mtu aliyepoteza pete, jinsi alivyosimama akitazama uzi, jinsi alivyokaa juu ya jiwe akifikiri huku paji lake limekauka kama karatasi. Mpangusaji aliitwa, akaapa kwamba leso zake za siku hizo zilifaa kuvaliwa sikukuu. Rahisi akahitimisha kwamba saa ya mwashi ni dirhamu moja, na iwe mbichi. Anayedai zaidi anaiba, na anayeiba kwa adabu bado ni mwizi.

Kadhi alimgeukia Bi Stadi, akamuuliza alipata wapi hesabu ya tatu.

"Mheshimiwa Kadhi," alijibu, "Bwana Rahisi huiona saa ninayosimama ukutani kwake. Haioni saa niliyotembea kutoka kwangu hadi kwake, wala saa niliyonoa patasi. Mwiko huliwa na chokaa, na mwiko mpya hauletwi na dua. Masika mwashi hukaa ndani, na tumbo lake halijui kuwa ni masika. Miaka niliyojifunza kwa mama yangu hakuna aliyenilipa. Na itafika siku mikono hii itatetemeka, na hapo hakuna atakayeniita. Zote hizo nimezigawanya, nikazitia kidogo kidogo katika saa ninayoiuza, kwa sababu sina soko jingine la kuziuzia. Na ile saa kavu anayoilalamikia ndiyo iliyosimamisha nyumba yake. Kama haitaki, na ainamishe nyumba kidogo, nitampunguzia."

Mafundi walicheka, kisha wakakumbuka walipo.

"Anataka kutuuzia uzee wake," alisema Rahisi.

"Nani mwingine ataununua?" aliuliza Bi Stadi.

Kadhi Taamuli alikuwa amefumbua macho, na waliomjua waliona kwamba hasinzii. Kisha akasema kwamba Kanuni ya Leso anaijua, lakini iko sheria nyingine, kongwe kuliko hiyo, waliyoiweka wafanyabiashara wenyewe sokoni, nayo ni Kanuni ya Kinywa. Kwa sheria hiyo, anayepinga bei ya kitu mbele ya kadhi na kutaja bei yake, lazima awe radhi kukiuza kitu cha namna hiyo hiyo kwa bei hiyo hiyo. Akikataa kuuza, atataja bei ambayo yeye angeuzia, na kwa bei hiyo atamlipa mpinzani wake. Bwana Rahisi aliijua vizuri mno; kwa sheria hiyo aliwahi kumfilisi muuza tende.

"Umesema saa ya mwashi ni dirhamu moja, na iwe mbichi," Kadhi alisema. "Tuuzie zako. Utajenga ukuta wa chuo cha watoto kwa mwezi mmoja, utakula ujira huo na usile kingine. Mwezi ukiisha utarudi hapa uniambie kama bado unauza."

Rahisi aliinama kwa furaha, nami namwamini kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli. Alikuwa mtu mnene, mwenye kutokwa na jasho kwa kuwaza chakula tu, na alijua kuwa hakuna leso katika Toajasho itakayotoka kavu usoni pake. Zana za Bi Stadi zilibaki mezani chini ya lakiri, na yeye akarudi nyumbani mikono mitupu kungoja.

Siku za mwanzo zilimpa Rahisi haki. Alitokwa na jasho akibeba jiwe, akatokwa na jasho akiliweka chini, akatokwa na jasho akipumzika, na Mpangusaji alimhesabia saa zote. Aliwatumia salamu rafiki zake sokoni kwamba kazi ya uashi ni kitanda cha pamba. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chuo kilikuwa mbali na mji, na kwenda na kurudi kulimlia saa ambazo hakuna aliyezipangusa. Mwiko wake uliliwa na chokaa kama alivyoambiwa, akanunua mwingine kwa ujira wa siku kadhaa. Kisha mvua ikanyesha, upepo ukawa baridi, na leso ya serikali ikarudi nyeupe jioni baada ya jioni. Aliugua homa, na hapo alilowa kweli kweli, lakini Mpangusaji hakuwapo kitandani pake. Mpishi wa kando ya njia alimkopesha uji, kisha akamnyima, kwa adabu, akisema mkono mtupu haulambwi.

Hayo yote angeweza kuyavumilia kwa kiburi, kwa maana kiburi ni chakula cha muda mrefu. Lililomvunja lilikuwa ukuta. Alikuwa ameujenga kwa desturi ya nchi, harakaharaka na kwa blanketi, na ulikuwa umekwisha kumpita kimo alipoona asubuhi moja kwamba umeinama upande wa njia. Chini yake watoto walipita wakienda kusoma, wamebeba mbao zao za kuandikia, wakiuegemea kwa mchezo. Alisimama hapo. Aliona kwamba akiendelea kuweka mawe juu, saa zake zitakuwa mbichi na atakula; na akisimama kuupima, kuubomoa mahali palipopinda na kuufikiri upya, zitakuwa kavu na atalala na njaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitambua kuwa sheria ya nchi yake ilikuwa inamlipa ili ukuta uwaangukie watoto.

Alivua blanketi. Alifunga jiwe kwenye uzi, akalining'iniza, akangoja litulie. Ilimchukua siku zote zilizobaki, na Mpangusaji alimpita kila saa akitikisa kichwa kwa huruma. Mwezi ulipokwisha, kipande kile cha ukuta kilikuwa kifupi, kibaya, na wima. Mikononi mwa Rahisi hapakuwa na dirhamu hata moja, na mpishi alikuwa akimdai.

Alirudi mahakamani amekonda, amechelewa kwa ajili ya umbali wa njia. Kadhi alimuuliza kama bado anauza saa ya mwashi kwa dirhamu moja, na iwe mbichi.

"Siuzi," alisema Rahisi.

"Basi ungeuza kwa ngapi?"

Rahisi sasa alikuwa akihesabu. Alihesabu njia, mwiko, mvua na homa. Akahesabu siku zile za uzi, akazirudia tena kwa sauti ya chini, watu wakisikiliza. Alipoinua uso alikuwa mfanyabiashara tena, lakini mfanyabiashara mkweli.

"Nne," alisema. "Chini ya nne ningekuwa nawadhulumu wanangu."

Bi Stadi, ambaye alikuwa ametoza tatu, alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu wa kazi moja naye. Kadhi akahukumu kwamba mshitakiwa hana hatia, na kwamba kwa Kanuni ya Kinywa Bwana Rahisi atamlipa dirhamu nne kwa kila saa, kavu na mbichi. Wako waliotazamia Bi Stadi airudishe ile ya nne kwa uungwana, lakini uungwana huo ndio uliowaweka mafundi wa nchi ile ndani ya mablanketi. Aliipokea. Kisha hakuondoka.

"Mheshimiwa Kadhi," alisema, "zana zangu zimekaa mezani pako mwezi mzima chini ya lakiri. Sikuweza kujenga, na nilikula kwa kukopa. Saa hizo ni za nani?"

Karani alianza kueleza kwamba mahakama haikuwahi kulipa saa ambazo mtu alikaa tu nyumbani. Kadhi Taamuli alimnyamazisha kwa mkono. Alizitazama zana zilizokuwa mbele yake mwezi wote, na aibu ilimjaa usoni waziwazi, kwa sababu alikuwa amemhukumu Rahisi kwa kosa ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilitenda kila siku aliyokaa katika kiti kile.

"Ni zetu," alisema. "Tuliziagiza sisi, na tutazilipa."

Aliandika hati kwa mkono wake, akaipeleka hazina, na hazina ya Toajasho ikalipa saa kavu kwa mara ya kwanza tangu nchi kuwa nchi. Hapakuwa na haja ya kuifuta Kanuni ya Leso baada ya hapo, maana serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuivunja. Mafundi waliokuwa ukumbini waliyavua mablanketi yao hapo hapo wakatoka nje, na Bi Stadi akabandua lakiri kwa ukucha, akaifuta timazi ya mama yake vumbi, akamuuliza Bwana Rahisi ukuta wa chuo umebaki kiasi gani, na kama kesho angefika mapema waumalize pamoja.