Uzi Mwekundu Mgongoni

Mama yangu ni fundi cherehani, kwa hiyo mtu asinieleze habari za mafundi. Nimekulia chini ya meza ya kukatia nguo na najua wanavyodanganya. Mwanamke mwenye kitambi huingia kwetu na kutoka na kiuno. Mwanamume mwenye bega moja lililoanguka huvaa koti alilolishona mama, mabega yote mawili yakakaa sawa. Wateja hulipenda jambo hilo, na mimi nililipenda pia, mpaka nilipojua kwamba mteja wake mkubwa kuliko wote nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili alipokuwa akinipima sare ya shule, futi ikamkatalia. Alipima ubavu wa kushoto, akapima wa kulia, akarudia. Kisha akaniambia niiname, akapitisha kiganja mgongoni. Upande mmoja ulikuwa umeinuka, mwingine umebonyea. Wenzangu darasani walikuwa wameshaona kabla yake. Waliniita Kiulizo, kwa jinsi nilivyosimama, na mimi nilicheka nao ili yaishe.

Hospitali walinipiga picha. Daktari akasema uti wa mgongo umepinda, na kwa kuwa bado nakua, unaweza kuzidi kupinda kadiri ninavyorefuka. Akatupeleka chumba cha mwisho kwenye korido, kwa mama mmoja mnene, mwenye raba nyeupe na sauti ya kuamrisha gwaride, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi. Tulimwita daktari wa mazoezi, naye hakukikataa cheo hicho.

"Siahidi kuunyoosha," aliniambia. "Nakuahidi tutapigana nao usizidi. Ukimaliza kukua ukiwa hivi hivi, tumeshinda. Ukizidi sana, ni kisu. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa."

"Na mazoezi haya hayana sikukuu."

Nililala ubavu juu ya taulo lililoviringishwa, nikavuta pumzi na kuipeleka upande uliobonyea tu, jambo ambalo mwanzoni nililiona la kichaa. Nilisimama nimeegemeza mkono ukutani, nikarefusha upande mmoja na kuukaza mwingine, jasho likinitoka kama ninabeba magunia. Ugumu wenyewe ulikuwa kwamba nilipokaa sawa kweli, nilijihisi nimekwenda upande.

"Ndivyo ilivyo," alisema daktari wa mazoezi. "Mwili wako umezoea, unadhani umenyooka. Usiusikilize. Macho yako ndiyo yatakayoubishia."

Akachukua fulana nyeupe inayobana, akanivalisha, akaupapasa mgongo wangu pingili kwa pingili huku akiufuata kwa chaki. Ulitokea mstari uliojikunja katikati. Akamgeukia mama.

"Wewe si fundi? Tia uzi hapa, chaki isije ikafutika. Akifanya mazoezi nyumbani, autazame huo."

Mama alitia uzi mwekundu. Nyumbani nilisimama nikikipa mgongo kile kioo kikubwa cha wateja, nikashika kioo kidogo mkononi, na nilipoipeleka pumzi mahali pake niliuona ule uzi ukisogea kidogo kuelekea katikati. Bila fulana sikujitazama kamwe. Mgongo wangu niliuchukia, lakini ule uzi niliupenda.

Kila baada ya miezi mitatu tulirudi hospitali, nikachorwa upya kwenye fulana mpya. Safari ya nne daktari wa mazoezi alipiga makofi.

"Safi kabisa! Haujazidi hata kidogo!"

Mimi nilisikia tu kwamba haujanyooka. Mwaka mzima wa taulo na ukuta, na mstari ulikuwa ule ule. Nililia njia nzima, nikamwambia mama sifanyi tena, bora hicho kisu.  Mama alikiogopa kuliko mimi.

Kesho yake alinikabidhi fulana, uzi umeshatiwa. Nilisimama mbele ya kioo. Mkunjo ulikuwa umepungua.

"Mbona jana haukuwa hivi?"

"Chaki hudanganya," alisema, pini zikiwa midomoni. "Nguo haisemi ukweli mpaka ipigwe pasi."

Nilimwamini, kwa sababu mambo ya nguo alikuwa akiyajua yeye. Nilirukaruka, nikamkumbatia, karibu ameze pini.

Baada ya hapo hatukurudi hospitali. Mara ana kazi za watu, mara foleni ya pale inachosha, mara "kwani chaki mimi sina?" Akawa ananichora mwenyewe. Kila fulana mpya ilikuja na uzi ulionyooka kuliko wa mwanzo, hadi ikafika moja ambayo uzi wake ulishuka kutoka shingoni hadi kiunoni kama marinda ya sketi. Sare zangu za shule nazo zilinikaa vizuri mpaka jina la Kiulizo likafa lenyewe. Sasa mtu aliyepona afanye mazoezi ya nini? Nilianza kuruka siku, kisha wiki, kisha taulo likarudi kuwa taulo.

"Fanya, mwanangu," mama alikuwa akisema.

"Nimenyooka, mama. Si unaona?"

Alikuwa akirudi kwenye cherehani.  Uzi wake mwenyewe ulikuwa upande wangu.

Nilipomaliza shule nilipata nafasi chuo cha wauguzi. Koti jeupe tulipewa stoo, lililoshonwa kiwandani kwa ajili ya mtu yeyote. Nadhani lilikuwa vazi la kwanza maishani mwangu ambalo mama hakuligusa. Mtunza stoo aliniangalia kutoka juu hadi chini.

"Simama wima, binti."

"Nimesimama."

"Simama wima nikuone, acha maringo."

"Nimesimama, mzee!"

 Nikageuka kwenye dirisha la kioo. Pindo la koti lilikuwa limepanda upande mmoja, limeshuka mwingine, na nyuma ya bega kitambaa kilikuwa kimeinuliwa na kitu. Kitu chenyewe kilikuwa mimi.

Sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda chumba cha mwisho kwenye korido. Zile raba nyeupe zilikuwepo bado. Picha mpya iliwekwa kwenye taa kando ya ile ya zamani, na hakuna aliyehitaji kunifafanulia.

"Umeshamaliza kurefuka," alisema daktari wa mazoezi. Ile sauti ya gwaride haikuwepo. "Mazoezi tutaanza tena, yatakusaidia pumzi na maumivu. Lakini ule wakati wa kuuzuia umepita. Nitakupeleka kwa daktari wa upasuaji, yeye ndiye atakayesema." Aliangalia tena picha ya zamani. "Mbona mliacha? Tulikuwa tunashinda."

Nikalivaa koti langu, nikaenda nyumbani. 

Mama alikuwa peke yake, kwenye cherehani. Niliona macho yake yakienda moja kwa moja kwenye pindo la koti, kabla hata hajanitazama usoni. Nikajua kwamba miaka yote hiyo alikuwa akijua. Nikavua koti, nikavua blauzi, nikachukua chaki yake mezani na kumwekea mkononi.

"Nichore. Mgongo kama ulivyo."

"Mwanangu..."

"Nichore, mama!"

Nilimpa mgongo. Chaki ilianzia shingoni, ikashuka, kisha ikaenda kando, ikazidi kwenda mbali kuliko nilivyofikiri mwili wangu unafika, ndipo ikarudi. Nyuma yangu nilimsikia akilia.

"Ulisema utaacha. Nilitaka usikate tamaa."

"Na nikaacha, mama. Niliacha kwa sababu nilidhani nimepona."

"Nilikuwa nitakwambia. Kila nilipotaka kukwambia, ulikuwa unafurahi."

Najua alinipenda. Angenichukia, ningejua la kufanya naye. Nilivaa blauzi, chaki ikiwa bado mgongoni, nikaketi kwenye kiti cha wateja.

Baadaye nilimwona amelishika lile koti. Alikuwa amelilaza mezani, pini midomoni, na mkono unakwenda kwenye mkasi.

"Nilegeze kidogo huku," alisema kwa sauti ndogo, "nipunguze na huku. Hakuna atakayejua."

Nikamnyang'anya.

Jumatatu nilitoka na koti lile lile kama lilivyotoka stoo. Mama alikuwa mlangoni. Nilipompita aliinama haraka, akalishika pindo upande lilipopanda, akalivuta chini. Alipoliachia likapanda tena. Akalivuta tena.