Mapacha Walioumuka Mno

Uji ulirudi jikoni kama ulivyokwenda, kikombe kimejaa, juu yake utando uliojikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa majini.

"Nimeshakwambia, mkwe wangu," mama mkwe alisema kutoka kitandani, wala si kwa ukali. "Nitakula mapacha wa mwanangu. Kama huko kambini kwao hakuna mtandao, ina maana hakuna hata barabara? Si ampe dereva yeyote anayekuja huku?"

"Nitamfikishia ujumbe, mama."

Mkwe aliyasema hayo akiwa amevaa blauzi nyekundu na kupaka rangi ya midomo, kwa amri ya wifi yake. Ujumbe ule haukuwa na pa kufika. Mumewe alikuwa ameshazikwa, na udongo juu yake umeanza kuota majani.

Mumewe alikuwa mpishi katika kampuni ya Wachina wajenzi wa barabara. Gari la kuleta mboga lilipinduka naye mlimani. Wakati huo huo mama yake alikuwa hospitali amelazwa kwa ugonjwa wa moyo, na daktari ameonya asipewe habari ya kumshtua. Dada wa marehemu, mwalimu mkuu msaidizi ambaye ukoo mzima ulimwita Mwalimu, hata mama aliyemzaa, ndiye aliyekata shauri. Wakamzika marehemu, mama akiwa bado kwenye dripu. Aliporudi nyumbani akaambiwa mwanawe kahamishiwa kambi ya mbali, huko simu hazishiki. "Akipata nguvu tutamwambia," Mwalimu alisema. Nguvu hazikuja. Uongo ndio uliopata nguvu, ukanenepa, ukawa mkubwa wa nyumba.

Majirani walifundwa mlangoni kabla hawajaingia kumjulia hali mgonjwa. Picha ya maziko ilifichwa chini ya godoro. Na mjane, ambaye hata jina hilo la mjane hakuruhusiwa kulivaa, alijifunza kulia bafuni huku bomba limefunguliwa, na kutoka akiwa amekwishapangusa uso na kupaka rangi upya.

Mapacha hao ni kitafunio alichokileta mumewe kutoka jikoni kwa Wachina, ambako ndicho kifungua kinywa chao. Ni vipande viwili vya unga wa ngano, vyembamba, kimoja hulazwa juu ya kingine, vikakandamizwa katikati kwa kijiti, vikavutwa, vikatiwa kwenye mafuta ya moto. Vinaumuka vikiwa vimegandana mgongo kwa mgongo, virefu kama mkono wa mtoto. Kila Jumapili ya mapumziko alikuwa akifika, hata viatu hajavua, anaingiza mikono kwenye unga. Na kila Jumapili mapacha walikuwa wagumu.

"Fundi, leo tunakula au tunajenga?" mkewe alizoea kumtania.

"Mwenye meno ndiye anayelalamika," mama alijibu kwa niaba ya mwanawe. Yeye meno yalimwisha zamani. Alikuwa akimchovya pacha wake kwenye chai, anamsubiri alainike, kisha anaifyonza ile ncha ngumu taratibu, asubuhi nzima, kama mtu anayesoma barua ndefu.

Sasa amegoma. Uji hataki, supu hataki, na mikono yake imebaki mifupa na mishipa.

"Tutawatengeneza sisi," Mwalimu alisema. "Tutasema kampa dereva."

"Wifi, atajua."

"Atajuaje? Unga ni unga. Au unataka tumzike na yeye?"

Shauri likaisha hapo.

Walimwita mpishi mwenza wa marehemu, bwana mmoja mnene aliyeitwa Chumvi, kwa kuwa aliwahi kuitia chumvi mara mbili sufuria ya kulisha kambi nzima. Walikutana jikoni kwa jirani fundi cherehani, ili harufu ya mafuta isimfikie mgonjwa.

"Shemeji," Chumvi alisema mlangoni, akavua kofia. Hakuongeza neno. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maziko mtu kumpa pole mchana kweupe, na pole yenyewe ilikuwa ile kofia tu. Mkwe aligeuka haraka, akajitia kutafuta chekecheo.

Chumvi alichunga unga, akatia baking pauda na chumvi, safari hii akiipima kwa kijiko huku Mwalimu akimkodolea macho. Akaongeza maji na mafuta kidogo, akakanda mpaka donge likawa laini kama shavu.

"Sasa tunaufunika, tunauacha mpaka kesho," alisema. "Unga huu ni sawa na mgeni aliyetoka mbali. Usimtume kazi kabla hajalala."

"Mume wangu hakuwa akiulaza," mkwe alisema. "Alikuwa anakanda na kukaanga papo hapo."

Chumvi alicheka kwa pua. "Yule? Yule alikuwa na njia yake. Mpishi mkuu alikuwa anaokota pacha mmoja, anagonga naye meza, anamuuliza..."

"Mpishi," Mwalimu alimkatiza. "Tufundishe njia iliyo sawa. Mama akitafuna kitu kibovu hatatafuna tena kingine."

"Iliyo sawa ndiyo niijuayo, Mwalimu. Mimi kosa langu ni chumvi tu."

Mkwe alitaka kusema kwamba mama anawajua wale wagumu, ila alikwishazoea kumeza maneno. Na tena, tuseme kweli, moyoni mlikuwa na tamaa moja ndogo: alitaka mumewe, japo mara hii moja, apeleke kwa mama yake kitu ambacho hakuna wa kukigonga mezani.

Kesho yake asubuhi alikaanga yeye mwenyewe, Chumvi akisimamia. Unga ulikuwa umelala ukalainika, ukatandazwa bila ubishi. Aliukata vipande vya upana wa vidole viwili, akavipandisha viwili viwili, akavikandamiza katikati kwa kijiti.

"Ncha usizibane," Chumvi alionya. "Ukizibana zinakufa. Zinabaki mawe."

Hapo ndipo kidole gumba cha mkwe kiliposita. Kilikuwa tayari kimefika kwenye ncha ya unga, chenyewe, bila kutumwa. Alikuwa amekiona kidole cha mumewe kikifanya hivyo kila Jumapili: kinabofya ncha kwa nguvu, kinaizungusha, kinabofya tena. "Nawabana wasije wakaachana," mumewe alikuwa akisema.

"Shemeji, mafuta yanaungua."

Akakiondoa kidole. Akauvuta unga, akautia kwenye mafuta bila kuubana. Mapacha walizama, wakaibuka, wakaanza kujaa huku akiwageuzageuza kwa vijiti virefu bila kupumzika, mpaka wakawa wanono, rangi ya dhahabu, wepesi kama unyoya. Chumvi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mwalimu alitabasamu, jambo ambalo wanafunzi wake wangelipa kiingilio kuliona.

Waliwaacha wapoe, wakawafunga kwenye gazeti na mfuko wa plastiki, kama kitu kilichosafiri. Nyumbani Mwalimu alifungua mlango wa mbele, akasema kwa sauti ya ukarimu, "Asante, dereva, safari njema," kisha akaufunga kwa kishindo. Nje hapakuwa na mtu ila kuku wa jirani.

"Mama, mwanao kakukumbuka."

Mama alijikokota akaketi. Uso wake ulifunguka mpaka mkwe akashindwa kuutazama. Aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akaupakata, akaufungua mwenyewe. Alitoa mmoja, akamweka kiganjani, akampima uzito. Akamchovya kwenye chai. Pacha alikunywa chai mara moja, akalegea. Mama alimtia kinywani, akamumunya, akameza.

Mkwe na Mwalimu wakashusha pumzi.

"Laini," mama alisema.

"Kazidi kufundishwa huko," Mwalimu alisema. "Wamempandisha cheo."

Mama hakuitikia. Alitoa wa pili, akapapasa ncha yake kwa kidole gumba. Akamgeuza, akapapasa ncha ya upande wa pili. Akamweka kitandani. Akatoa wa tatu, akafanya hivyo hivyo. Aliwatoa wote, mmoja mmoja, akawapanga juu ya blanketi.

"Unatafuta nini, mama?" mkwe aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Pale anapobana."

Mashine ya fundi cherehani ilisikika kutoka ng'ambo ya ua, ikashona kidogo, ikasita.

"Huyu tangu anatambaa ni mtu wa kubana," mama alisema. "Viatu vyake mafundo mawili. Mlango akishaufunga anarudi kuusukuma. Hawezi kuniletea hawa bila kuwabana, hata mkono ukiwa umevunjika. Nani kakaanga?"

"Mama, huko kambini wako wapishi wengi, huenda..." Mwalimu alianza.

"Sikukuuliza wewe. Wewe huwa una majibu." Mama aliyahamisha macho yake. "Mkwe wangu."

"Ni mimi niliyekaanga, mama."

"Mikono yake yeye iko wapi?"

Mkwe alitafuta uongo mmoja, hata mdogo. Miezi yote hiyo ulikuwa umejaa nyumba nzima, leo hakuona wa kushika. Alikaa chini, sakafuni, pembeni ya kitanda.

"Ilikuwa nikiwa hospitali?" mama aliuliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Mkamzika bila mimi."

"Daktari alisema moyo wako, mama," Mwalimu alisema. Sauti ya ualimu ilikuwa imemtoka. "Alisema usishtuliwe."

"Moyo ni wangu. Na mwana ni wangu." Mama alisema hivyo polepole, bila chozi. Kisha akaitazama blauzi ya mkwe wake kama ndiyo kwanza anaiona. "Nani kakuvisha hii nyekundu, mwanangu? Nenda kaivue."

Hapo mkwe alilia. Alilia kwa sauti, bila bomba la maji, kamasi na rangi ya midomo vikichanganyika, akalia mpaka mashine ya ng'ambo ikazimwa kabisa. Mwalimu alisimama mlangoni akiwa ameushika mfuko mtupu, hajui aupeleke wapi.

Baada ya muda mrefu mama aliuliza, "Unga umebaki?"

"Umebaki kidogo."

"Nenda ukabane."

Alivaa nguo nyeusi, akavuka kwenda kwa fundi cherehani. Chumvi alikuwa bado yuko jikoni anaosha sufuria; aliiona ile nguo, akasogea kando, akamwashia jiko bila kuuliza. Donge lililobaki alilikanda upya kwa hasira, mpaka likakaza, ule usingizi wote ukalitoka. Akakata, akapandisha, akabofya ncha kwa kidole gumba, akaizungusha, akabofya tena. Wasije wakaachana. Pacha huyo hakuumuka. Alitoka kwenye mafuta mweusi upande mmoja, mzito, ncha yake jiwe.

Alimpeleka angali wa moto, kwenye sahani. Mama alimchukua, akaipapasa ile ncha, akakiingiza kidole gumba chake katika kishimo kilichobonyea, akakiacha humo kitambo. Chai ilikuwa inapoa. Hakuchovya.

"Kidole chako chembamba kuliko chake," alisema mwishowe.

Alimrudisha pacha sahanini, taratibu, bila lawama, akalala akaelekea ukutani. Mwalimu akaenda jikoni kupasha uji. Mkwe akabaki palepale sakafuni, mgongo wake kwenye mbavu za kitanda, akisikiliza pumzi ya mama inavyopanda na kushuka, na kila iliposita, naye alisita.