Hapana ya Kwanza

Sanamu ilisimama juu ya kabati la vyombo la Gunvor, pale Farsta, kitongoji cha mjini huko Uswidi, kati ya saa na picha ya babu yake aliyevaa kofia ya kijeshi. Babu huyo alikwenda Kongo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, afisa wa kukodiwa, akafungua njia, akachoma vijiji, akarudi na masanduku. Gunvor hakuficha. "Aliiba," alisema, huku akiomba maziwa ya kahawa.

Mama Nora alimhudumia bibi huyo miaka minne: kumwogesha, dawa, soksi za kubana miguu. Sanamu aliitambua siku ya kwanza. Mikono tumboni, macho yamefumbwa, ndevu zimechongwa vizuri: mhenga wa Wahemba, watu wa kwao Kongolo, kule Kongo. Baba yake, aliyebaki huko na kifua kibovu, alipoambiwa kwa simu alisema angependa kumwona mzee huyo amerudi kabla yeye hajaondoka.

Kanuni za kazi zilikataza zawadi. Lakini mwezi wa Machi Gunvor alimwita akae. Alikwisha kuzungumza na msimamizi: sanamu isingekuwa zawadi kwa mfanyakazi, ingerudishwa kwa wazee wa Kongolo kwa barua rasmi. Kilichobaki ni Mama Nora kukubali kuipeleka.

"Utaichukua?"

Alitamani kusema ndiyo papo hapo. Lakini alikuwa amelelewa. Kwao kitu kikubwa hakidakwi. Unakataa kwanza, anayetoa anarudia, ndipo unapokea kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa.

"Hapana, Mama Gunvor. Ni kubwa mno kwangu."

"Sawa," Gunvor akasema. "Nimekuelewa." Akamimina kahawa.

Mama Nora alisubiri. Alisubiri akiosha vikombe, akasubiri kesho yake, na wiki iliyofuata. Akawa anapangusa vumbi kabatini polepole ili bibi akumbuke. Gunvor akazungumzia theluji. Nyumbani, Nora alimwambia mama yake kwa Kiswidi amuulize tu, watu wa hapa hawarudii. Alifokewa kwamba hana adabu.

Jumatatu moja, juu ya kabati palikuwa na chungu cha maua. Watu wa makumbusho walikuwa wamekuja Ijumaa kuichukua sanamu. Karatasi zilikwisha kutiwa saini.

"Lakini niliitaka," Mama Nora alisema.

Bibi alimtazama, uso umemshuka. "Ulisema hapana. Sikutaka kukulazimisha. Familia yetu imelazimisha watu vya kutosha."

Mama Nora alimvalisha soksi, akamaliza zamu, akampigia baba yake akiwa kituoni, akamweleza yote bila kujitetea.

"Ulikataa mara ngapi?" mzee aliuliza.

"Mara moja, papa."

"Naye hakurudia."

"Hakurudia."

Mzee alikohoa kwa muda mrefu. Akasema hamlaumu, ndivyo yeye mwenyewe alivyomfundisha. Kisha akauliza kama ana picha ya sanamu. Hakuwa nayo, kupiga picha nyumbani kwa wateja ni marufuku, naye hakuwahi kuvunja kanuni hata siku moja.

"Basi nieleze uso wake. Taratibu. Labda nitajua ni wa nani."

Treni ilikuja, ikafungua milango, ikaondoka. Mama Nora alikaa kwenye benchi, akafumba macho, akaanza na paji la uso.