Mapafu Yenye Namba ya Serikali

Asubuhi ya mashindano ya michezo ya watumishi, Mwantum alimaliza uji wake nyumbani Kikuyu, Dodoma, akavuta pampu yake ya pumu, akaenda Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Ni mtunza kumbukumbu wizarani, anakaribia kustaafu, na mbio za wakongwe alikuwa amezishinda miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa kwanza walimpigia makofi. Wa pili waliwatania walioachwa nyuma. Wa tatu wakaanza kunong'ona, maana watu humpenda mzee anayekimbia, si mzee anayeshinda.

Ludovick, mwenyekiti wa kamati ya michezo, alimwita ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Watu wanalalamika. Wanasema hiyo pampu ina dawa ya kuongeza nguvu. Ukiwa nayo tu, jina lako tunalikata."

"Ni ya pumu. Cheti cha daktari mlikiona."

"Tulikiona, mama. Ila hizo pumzi zako zinatia shaka."

Ludovick mwenyewe aliwauzia wakimbiaji makopo ya unga wa kuongeza nguvu, na Dorkasi wa uhasibu ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa. Hakuna aliyejua ndani ya yale makopo mna nini, wala aliyeuliza. Nyani haoni kundule, na la Ludovick lilikuwa chini ya meza.

Mwantum alikasirika, tena sana. Cheo alipewa, nyumba alipangishwa, lakini zile mbio alizipata kwa miguu yake. Akaiweka pampu mezani. Kisha akafungua zipu ya koti la mazoezi, akatoa pafu moja, akatoa la pili, akayalaza kwenye sinia la vikombe vya chai.

"Yapimeni. Mimi naenda kukimbia. Na myafunike, hayapendi vumbi."

Sauti yake ilikuwa imepungua kidogo, ila ilisikika. Ludovick akatafuta kitambaa.

Upepo wa Julai ulikuwa ukisukuma vumbi jekundu barabarani, na wakongwe wakalikohoa tangu mwanzo. Kwa Mwantum halikuwa na pa kuingia. Miguu ilimuuma kama inavyowauma wengine, goti la kushoto zaidi, lakini hakupunguza mwendo. Dorkasi aliongoza hadi kona ya mwisho. Hapo Mwantum akampita, mdomo ameufunga, akamaliza wa kwanza.

Huko ofisini mapafu yalikuwa yanahema kwa mwendo wa mbio. Mpimaji wa kamati aliyachunguza, akakuta dawa ya pumu kwa kipimo kile kile cha daktari. Ludovick alipofungua kopo lake akoroge unga, mapafu yakakohoa. Alipolifunga yakatulia. Wajumbe wote waliona, na mmoja wao akainuka kufungua dirisha.

Generosa, mtunza stoo, alikuwa akipita na brashi na kopo la rangi nyeupe ya kuandikia namba za mali ya serikali. Wakaguzi walikuwa njiani, na kwa utaratibu wa stoo, kitu kikikutwa mezani bila namba kinapigwa namba. Akayapiga mapafu yote mawili, kwa mwandiko mzuri.

Mwantum aliporudi, Ludovick alimsomea uamuzi akiwa amesimama.

"Mapafu ni safi. Lakini kukimbia bila mapafu kunapunguza uzito, na huo ni upendeleo. Medali anapewa Dorkasi."

"Sawa. Nipeni vitu vyangu."

Generosa aliinamisha kichwa. Aliona aibu kweli.

"Nisamehe, mama. Yameshaingia kwenye mali ya umma."

"Kwa hiyo nihemeje?"

"Utayaazima. Siku ya kustaafu unayarudisha."

Mwantum aliyachukua mapafu kwenye sinia. Kisha akayapangusa, akayarudisha mahali pake, akafunga zipu na kuvuta pampu. Pumzi ya kwanza ilimchoma, ya pili ikapita. Dorkasi alikuwa mlangoni na medali shingoni, akitazama viatu vyake.

"Mama, si upumzike sasa?" Ludovick alisema kwa upole. "Umri nao una haki yake."

"Niandike mwakani," alisema Mwantum. "Mkiwa bado na shaka, nitawaachia na moyo."

Ludovick akaliandika jina lake. Kisha akamuuliza Generosa kama rangi imebaki.